Muulize Fundi: Redio ya "jasusi wa Kirusi" iliyotengenezwa Montreal

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, kwa sasa naishi Hamilton, Ontario. Jirani yetu mzee alifariki na watoto wake wakatoa vitu vyake gereji wakaviuza kwa bei ya kutupa. Mimi nikanunua dubwana moja la chuma, rangi ya kijani iliyokolea, upana kama sentimita 45, zito kiasi kwamba siwezi kulinyanyua kwa mkono mmoja. Maandishi yote ya mbele yako mara mbili, Kiingereza na herufi za Kirusi. Kuna sahani mbili za kuzungusha zenye namba, kuna mita ndogo, kuna sehemu zimeandikwa A na B, na soketi mbili za duara zenye matundu ya pini nyingi. Waya wa umeme hauna. Mahali pamegongwa herufi C yenye mshale ndani yake. Muuzaji aliapa kwamba ni redio ya jasusi wa Kirusi. Mume wangu anataka itoke nyumbani kabla polisi hawajabisha hodi. Je, ni kweli? Na nikiichomeka itasema?
Msomaji wa kike, Hamilton

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mwenzio anywe chai, hakuna polisi atakayekuja. Halafu jiulizeni wote wawili: ni jasusi gani huyo anayebeba mzigo wa kilo 18, tena umeandikwa jina na matumizi yake usoni kwa lugha mbili?

Uliyonayo ni Wireless Set No. 19, redio ya kifaru ya Vita Kuu ya Pili. Sikuhitaji hata picha. Ile C yenye mshale ndani ndiyo iliyonipa jibu kabla sijamaliza kusoma barua. Mshale peke yake ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, alama ya tangu enzi na enzi. Ukizungushiwa herufi C ni mali ya jeshi la Kanada. Kwa hiyo hiyo redio haikutoka Urusi hata kidogo. Imetengenezwa hukohuko uliko, na kwa uwezekano mkubwa Montreal, maana makampuni ya huko yaliyozitoa kwa wingi, Northern Electric, RCA Victor na Canadian Marconi, yalikuwa mjini humo. Tafuta kibati cha jina au mhuri wa wino kwenye sanduku, mara nyingi kiwanda kimejitaja.

Sasa Warusi wameingiaje? Mwaka 1940 Waingereza walirudi kutoka Dunkirk, pwani ya Ufaransa, wakiwa wameacha zana nyingi upande wa pili wa bahari, na vifaru vyao vilihitaji redio bora. Kampuni ya Pye ya Cambridge ikishirikiana na wataalamu wa jeshi ikabuni Na. 19, ikaanza kutumika 1941. Mwaka huohuo Hitler akaivamia Urusi, na Urusi ikawa mshirika. Viwanda vya Kanada vilipopewa kazi ya kuzitengeneza, sehemu ya mzigo ilikusudiwa kwa Jeshi Jekundu, ndiyo maana uso wa redio ukachapwa Kiingereza na Kirusi. Lakini si zote zilizochapwa hivyo zilizofika huko. Nyingi zilibaki kwa Waingereza na Wakanada wenyewe, wakazitumia na Kirusi chake usoni bila kujali, na vita vilipokwisha zikauzwa kama mali ya ziada. Walionunua wengi walikuwa wapenzi wa redio, wale watu wa kukesha wakizungumza na mabara mengine kutoka chumba cha nyuma.

Hapo ndipo namkumbuka jirani yako. Waulize watoto wake kama baba yao alikuwa na leseni ya redio. Kwa Ontario jina la mtu hewani kwa kawaida huanza na VE3. Kama mlikuta kadi za posta zenye herufi hizo, basi jasusi wenu ndiye huyo.

Na kama gereji haijafagiliwa, rudi leo. Usingoje Jumamosi. Ulichonunua ni mwili bila moyo. Redio hii haina umeme wake. Ilikuwa na sanduku la pili, chuma kizito, ndani yake mna dinamota, yaani mota inayozungushwa na betri ya kifaru ya volti 12 na kufua umeme mkubwa wa kuendesha valvu, yaani zile taa za kioo za ndani ya redio za zamani. Kisha kuna kikasha cha kuunganishia hedifoni na maikrofoni, kuna nyaya nene zenye pini za kuingia kwenye zile soketi mbili, na kuna kopo lenye mviringo wa koili wa kulinganisha antena. Watu wasiojua huviona vyuma vya ovyo na kuvitupa. Kwa anayejua, ukiwa na vyote hivyo una kitu; ukiwa na redio peke yake una pambo zuri la sebuleni.

A na B ulizoziona ni redio mbili tofauti ndani ya sanduku moja. A ndiyo kubwa, kutoka megahezi 2 hadi 8, ya kuzungumza na makao makuu. B ni ya masafa ya juu sana, karibu megahezi 235, antena yake fimbo fupi, kazi yake kusemezana na kifaru cha jirani mwendo usiozidi maili moja hivi. Faida yake ni kwamba adui aliye mbali hasikii kitu. Cha tatu ni mfumo wa kuzungumza wenyewe kwa wenyewe ndani ya kifaru, maana kwa kelele ile dereva na kamanda hawasikilizani hata wakipigiana mayowe.

Jaribu kitu kimoja ambacho hakihitaji umeme. Shika ile sahani ya namba uizungushe taratibu. Pembezoni kuna vibano vyenye alama nyekundu na buluu. Mwendeshaji akiwa ametulia alitafuta masafa mawili aliyoamriwa, akayafunga, moja kwenye nyekundu na la pili kwenye buluu. Baadaye, gizani, kifaru kinarukaruka, anazungusha tu hadi kinanasa "tak", yupo kwenye masafa sahihi bila kutazama namba. Kama vibano vyako bado vinanasa, mzee wa watu aliitunza.

Je, itasema? Ukiichomeka ukutani, hapana, na huna pa kuichomekea, namshukuru Mungu. Kuna vijana wanaokata waya wa pasi na kuupachika kwenye pini zozote wanazoziona. Mashine iliyonusurika vita kuu inakufa jikoni. Valvu yake ya kurushia, 807, hula volti zaidi ya 500 kutoka kwenye ile dinamota. Hizo hazikupi nafasi ya kujifunza. Kabla ya yote fundi aifungue, aangalie nyaya za ndani kama mpira wake umekauka na kupukutika, apime kapasita (vihifadhi umeme) za karatasi ambazo kwa umri huu karibu zote huvujisha umeme, ndipo azungumzie betri. Kusikiliza hakuna ubaya. Kurusha sauti kunahitaji cheti cha serikali ya huko, na mtihani wake si mgumu kwa mtu aliyeweza kunieleza redio vizuri namna hii.

La mwisho kwako: usiipake rangi. Usiisugue kwa msasa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Nimeona watu wakifuta herufi za Kirusi ili ing'ae, nikasikia uchungu kama nimeibiwa mimi.

SWALI: Asalaam aleikum mzee wangu. Kaka yangu alinunua mnadani hapa Mombasa mashine ya kijivu iliyoandikwa RACAL. Watu wawili ndio tuliibeba. Ina madirisha mawili, moja MEGACYCLES, jingine KILOCYCLES, na hili la pili ukizungusha kunapita mkanda wa filamu wenye namba, kama wa sinema. Mtaani wanasema ni rada ya meli ya vita. Haina maikrofoni. Twaweza kuiwasha?
Msomaji, Majengo, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Rada ina kioo cha kutazamia. Nyinyi mna masikio tu, tena masikio bora kupita yote niliyowahi kuyashika. Kwa maelezo yako ni RA-17, kipokezi cha miaka ya 1950. Hakirushi kitu, ndiyo maana hakina maikrofoni. Majeshi, meli na vituo vya kunasia mawasiliano vilikipenda, na mkinipa nichague kati yake na ile ya kifaru ya hapo juu, sitafikiri mara mbili.

Ule mkanda wa filamu ndio unaonifanya niseme hivyo. Redio ya kawaida ya mezani inabana masafa mafupi yote kwenye mstari wa shubiri moja, ukigusa tu umepita vituo vitatu. Hapa kila megahezi moja imenyooshwa kwenye mkanda wa karibu mita moja na nusu. Unakwenda mahali ulipoambiwa na unakikuta kituo kimekaa palepale.

Akili ya ndani ilitoka Afrika, si Ulaya. Mhandisi wa Afrika Kusini, Trevor Wadley, ndiye aliyebuni njia ya kuzuia redio ya valvu isihame masafa kadiri inavyopata joto. Alichukua kioo kimoja cha kwatzi cha megahezi 1 kiwe mlinzi, halafu akapitisha mawimbi kwenye hatua mbili zinazotumia mtetemo uleule wa dirisha la MEGACYCLES. Mtetemo huo ukiteleza kidogo, hatua ya kwanza inakosea kwenda juu na ya pili inakosea kiasi hichohicho kwenda chini. Makosa yanafutana. Ndiyo maana mkono wa MEGACYCLES hauhitaji kugusa namba kwa usahihi. Uweke karibu, sikiliza kelele ya hewa inapopanda, acha. Kazi ya usahihi ni ya KILOCYCLES.

Kuiwasha mnaweza, kwa sababu hii imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani. Ila msikimbilie. Angalieni transfoma imefungwa kwa volti ngapi. Kuna zilizofungwa kwa 110 na hapo Mombasa mtaiunguza kabla hamjasema bismillahi. Kisha tafuteni balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, hizi za LED hazifai. Kateni waya mmoja wa umeme, ule wa moto, muipitishe balbu katikati ili umeme wote wa redio upite kwanza kwenye balbu. Washeni mkiwa mmesimama kando. Balbu ikiwaka kwa nguvu sekunde chache kisha ikafifia, mambo mazuri, valvu zinapata joto. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, zimeni: ndani kuna kitu kimeshikana, na mara nyingi ni kapasita za umeme mkuu zilizokauka kwa kukaa. Ikitoka harufu ya ajabu inayochoma puani, fungueni madirisha mtoke.

Zina valvu 23 hizi, kwa hiyo zitatoa joto la kutosha kukausha nguo. Na kwa hewa ya chumvi ya pwani, kabla ya umeme wowote chomoeni valvu moja moja, mfute miguu yake, mrudishe kila moja kwenye kiti chake. Pigeni picha kwanza. Mafundi wengi wanaoletewa redio "zilizokufa" wanalipwa kwa kazi hiyo tu na hawawaambii.

Mkishafaulu, subirini usiku. MEGACYCLES 7, KILOCYCLES kati ya 0 na 200, washeni BFO (swichi ya kusikilizia Morse na sauti za wapenzi wa redio), tafuteni taratibu kwa ncha za vidole. Mtasikia watu wa nchi nyingi wakisalimiana, na ile filamu itawaambia wako wapi hasa.

SWALI: Habari mzee. Niko Nanyuki. Nimenunua kisanduku cha kijani kibichi cha kubeba mgongoni kwa mtu aliyekitoa Uingereza kwenye kontena ya mitumba. Hakina betri. Kibati kinasema UK/RT 320 na namba inayoanza 5820-99. Anasema ni ya makomando na inaweza kusikiliza ndege na polisi. Nimeuziwa uongo?
Kijana wa Nanyuki

JIBU: Kisanduku ni cha kweli, hadithi ndiyo ya uongo. Na wewe umenifurahisha maana ndiye wa kwanza kunitumia namba ya kibati badala ya maneno ya muuzaji.

Namba hiyo ni ya mfumo wa ghala wa NATO, na inasomeka hata ukiwa kipofu wa redio. Namba 4 za mwanzo ni aina ya kitu: 5820 ni redio za mawasiliano, 5821 ni za ndege, 5965 ni hedifoni na vikono vya kuongelea, 5985 ni antena, 5960 ni valvu. Mbili zinazofuata ni nchi iliyokisajili: 99 Uingereza, 00 na 01 Marekani, 21 Kanada, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 18 Afrika Kusini. Saba za mwisho ni za kitu chenyewe. Kwa hiyo mtu akikuuzia "redio ya Kimarekani" na kibati kinasoma 5985-99, umeshika kipande cha antena cha Mwingereza.

Chako ni PRC-320, ya familia ya Clansman iliyotumiwa na jeshi la Uingereza kuanzia miaka ya 1970, hii ikiwa kazi ya kampuni ya Plessey. Jeshi lilipohamia mfumo mpya uitwao Bowman, Clansman ziliuzwa huko Uingereza kwa wingi, mtu yeyote ananunua. Inakwenda kutoka megahezi 2 hadi 30. Ndege za abiria kwa kawaida huzungumza na viwanja juu ya 118. Haifiki huko hata uiombee dua. Itakupa masafa mafupi, na hapo utakutana na usumbufu mmoja: kwa sauti ya upande mmoja (SSB, yaani kurusha nusu tu ya wimbi la sauti) inajua upande wa juu tu, ilhali wapenzi wa redio kwenye megahezi 7 kwa desturi hutumia upande wa chini, kwa hiyo utawasikia kama bata wanagombana. Panda hadi 14 mchana, utaelewa maneno.

Betri yake ni volti 24. Betri mbili za pikipiki za volti 12 zikifungwa mfululizo zinatosha kwa kusikiliza, ila pima kwanza ipi chanya ipi hasi.

Usibonyeze kitufe cha kuongea. Inatoa wati 30, na kwa antena ya waya uliofungwa mtini inavuka mipaka ya nchi. Nenda kwanza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, au waone chama cha wapenzi wa redio, Amateur Radio Society of Kenya, wakuelekeze leseni. Mwombe muuzaji risiti ya Uingereza uiweke ndani ya kisanduku. Na siku mtu akikuletea kifaa chenye alama ya jeshi lolote la hapa kwetu, awe Kenya au Tanzania, hata akikipa bure, usikiguse. Hicho si mitumba.

SWALI: Fundi, hapa Shinyanga wamekuja wageni na gari, wanatafuta redio za zamani za jeshi. Wanasema zina zebaki nyekundu na watalipa mamilioni. Wanasogeza simu karibu na valvu, mtandao ukipotea ndiyo yenyewe. Marehemu babu aliacha moja. Niuze?

JIBU: Redio ya babu waweza kuuza. Zebaki nyekundu huwezi, maana haipo duniani. Uvumi huuhuu uliwahi kuzuka Saudi Arabia mwaka 2009, wakati huo ikisemekana imo kwenye cherehani za Singer, na watu wakazinunua kwa bei za wendawazimu. Mtihani wa simu ulikuwa huohuo.

Kitu chekundu utakachokiona ndani ni rangi ya kiwandani. Fundi akishalinganisha skrubu anaidondoshea tone ili asije mwingine akaichezea, na ikipasuka ijulikane. Zebaki ya kweli hukaa kwenye valvu chache kubwa za kunyoosha umeme, kama 866A; ni ya rangi ya fedha, mvuke wake ukiwaka unatoa mwanga wa buluu, na ni sumu. Usivunje valvu kuitafuta. Wala usikwangue rangi iliyochakaa kwenye namba na mishale iliyokuwa ikiwaka gizani. Baadhi zina radiamu na vumbi lake halifai kuingia kifuani.

Wageni hao huwa wana hatua inayofuata: watakwambia mali imepatikana, ila kuna pesa ya kupimia maabara, na uitoe wewe kwanza. Wakifika hapo, waambie hata wewe una ada ya wao kuitazama redio ya babu, na inalipwa kabla hawajaingia ndani.